Kovu Lisilo na Shanga

Methali nyingi husemwa kwa uso mkavu, lakini hii ya mficha uchi hazai, watu huisema wakicheka chini kwa chini, wakidhani ni ya wakunga peke yao. Si ya wakunga. Maana yake ni kwamba mwenye shida akiifunika kwa aibu, hata mwenye dawa hawezi kumsaidia, kwa kuwa dawa haipakwi juu ya nguo. Anayebisha na aende Matambarale, wilayani Ruangwa, akaulizie nyumba ya Harithi na mkewe Samia. Ataonyeshwa. Akifika atakaribishwa mkekani, ataletewa korosho za kukaanga, na kama ni mtu wa adabu atasimuliwa haya.

Samia alimzaa mtoto wake wa kwanza, Yasini, kwa kupasuliwa, kwa sababu mtoto alikuwa amekingama tumboni. Kidonda kilipona vizuri. Kikabaki kovu jembamba, limelala chini ya tumbo kama mshono wa gunia, na Samia hakulionea haya. Alikuwa akisema kwamba wenzake walilipa kwa kupiga kelele, yeye amelipa kwa ngozi. Akarudi shambani, akapalilia ufuta, akaokota korosho, na mumewe akawa mtu wa kumbeba Yasini mabegani kila anapokwenda. Nyumba ile ilikuwa na raha. Watu wenye husuda walisema ilikuwa na raha kupita kiasi.

Yasini alipoacha ziwa na Samia akaanza tena kuingia mwezini, ndipo jambo lilipoanza. Pembeni mwa kovu, upande wa kushoto, paliota kinundu kidogo kama punje ya njugu mawe. Siku zake zikikaribia, kinundu kilivimba, ngozi juu yake ikawa na rangi ya zambarau, na maumivu yakachoma na kuvuta hata akashindwa kunyooka. Siku zikipita, kilinywea. Samia akasema kimekwisha, akashika jembe. Mwezi uliofuata kikarudi, na uliofuata pia.

Hapa inafaa kueleza habari ya shanga, maana bila shanga kisa hiki hakipo. Samia alichezwa unyago akiwa binti, na somo wake alikuwa Bi Fatu, mama wa kijijini mwenye mkono mwepesi wa kusuka ukili na kauli nzito kama jiwe la kusagia. Bi Fatu alimfundisha mambo mengi, na mawili kati ya hayo aliyakazia. La kwanza, damu ya mwezi haitamkwi mbele ya mwanamume, awe mume, awe kaka, awe nani. La pili, mume ataambiwa kwa shanga. Kwenye msumari wa ukutani, upande wa kichwani pa kitanda, mke hutundika shanga nyekundu akiwa mwezini. Akitoharika, huziondoa akatundika nyeupe. Harithi naye huko jandoni alifundishwa upande wake: mwanamume haulizi, anatazama msumari. Kwa hiyo katika ndoa yao yote neno hilo halikuwahi kupita katikati yao, na wala hawakuona upungufu. Ni lugha nzuri, haina kelele, haina ugomvi.

Upungufu wake ni mmoja. Ina maneno mawili tu. Siku za Samia zilipokwisha, kovu liliendelea kuuma, tena kwa namna ambayo hata kanga ikigusa pale aliona kiza. Asingeweza kumpokea mume katika hali ile, na hakuwa na ushanga wa kusema hivyo. Basi akaziacha nyekundu msumarini. Mwanzo aliziacha siku moja au mbili zaidi. Kadiri miezi ilivyokwenda na maumivu yakazidi kukawia, nazo zikawa zinakawia, mpaka nyeupe zikawa mgeni chumbani mle. Hilo lilikuwa kosa, lakini lilikuwa kosa la mtu mwenye heshima, wala si la mjeuri.

Si kwamba hakutafuta dawa. Alikwenda zahanati. Tabibu wa pale aliitwa Amri, kijana mpole asiyekemea wagonjwa, ila kulikuwa na tatizo: yeye na Harithi waliingia jando kambi moja. Waliotoka kambi moja ni ndugu, na ndugu wa mume ni mume mwingine kwa adabu.

"Linauma muda wote, shemeji?" Amri aliuliza.

"Linauma."

"Linakuja na kuondoka, au?"

"Linauma tu," Samia akajibu, akitazama ukuta.

Amri hakuwa mpiga ramli. Alidhani ni usaha umejificha kwenye mshono, akampa vidonge. Maumivu yakapungua kwa kuwa siku zake zilikwisha, wote wawili wakavisifu vidonge. Mwezi uliofuata akanywa mizizi ya chango. Baadaye alikwenda kwa mtu mwingine Ruangwa mjini, siku ambayo kinundu kilikuwa kimelala, akaambiwa huenda ni ngiri inaanza, asibebe ndoo nzito. Kila mmoja alipewa nusu ya habari, na kila mmoja akatibu nusu aliyopewa. Ile nusu nyingine Samia aliifunga pindoni mwa kanga akarudi nayo nyumbani.

Ikawa ni wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho. Mchana mmoja Harithi alirudi kutoka shambani, uso umepauka kwa unga wa dawa, macho mekundu. Hakunawa. Alikaa kwenye kigoda mbele ya mkewe, aliyekuwa akipepeta ufuta wa mbegu kwenye ungo.

"Mama Yasini," alisema, "msumari ule nimeishi nao, naujua. Siku hizi shanga zako hazisemi kweli."

Samia akaendelea kupepeta.

"Kama umenichoka, sema. Mimi si mtu wa kulazimisha."

"Sijakuchoka."

"Basi ni nini?"

Harithi alikuwa amefika ukingoni kabisa mwa lile asiloruhusiwa kuuliza. Samia akafungua kinywa, na maneno yalikuwapo, yamejipanga. Kisha akamkumbuka Bi Fatu na kauli yake, naye akayameza.

"Ni kovu," alisema.

"Kovu la Yasini? Si lilipona? Amri si alikupa vidonge, ukasema umepata nafuu?"

"Nilisema."

Harithi akajifuta uso kwa kiganja, unga ukamwagika magotini. "Basi mimi nakueleza langu, usije ukalisikia kisimani. Korosho zikiuzwa, Mjomba Nurdini atanipeleka Nanganga. Kuna mwanamke huko. Sikuachi, na chumba chako ni chako. Lakini siwezi kuzeeka nikitazama msumari."

Alilisema polepole, bila kufoka, na ndiyo maana liliuma. Angefoka, Samia angepata la kujibu. Kila mtu wa huko anajua kwamba korosho zikishauzwa ngoma za harusi hulia, na si zote ni za vijana wanaooa mara ya kwanza. Samia hakulia mbele ya mumewe. Aliinuka akaenda kulia jikoni, na moshi ukabeba lawama. Alimpenda Harithi, hakutaka kumgawana na mtu wa Nanganga wala wa kwingineko, na alijua kwamba neno moja lingemzuia. Neno lenyewe ndilo lililokatazwa.

Alikwenda kwa Bi Fatu kuomba ruhusa. Alimkuta barazani anasuka ukili, ugoro umemjaa shavuni.

"Somo, kovu langu na mwezi vinakuja pamoja."

"Kovu ni kovu, mwezi ni mwezi," Bi Fatu alisema. "Usivichanganye."

"Vinajichanganya vyenyewe, Somo. Nataka kumwambia tabibu."

"Amri?" Bi Fatu aliacha kusuka. "Aliyekaa kambi moja na mumeo? Ulimtamkia?"

"Sikumtamkia."

"Ulifanya vyema, mwanangu. Endelea na mizizi. Maumivu ya mwanamke hayajaanza kwako."

Bi Fatu hakuwa mbaya. Alikuwa amekabidhiwa siri za nyumba nyingi na hakuwahi kuitoa hata moja, na sifa hiyo ndiyo iliyokuwa mali yake. Mtu aliyefaulu maisha yake yote kwa kunyamaza, ukimwomba ushauri atakushauri unyamaze. Samia akaaga, akarudi na mzigo wake, sasa umeongezeka kwa sababu alikuwa amejaribu.

Mwezi ulipoingia tena, aliamka na maumivu, akajikaza kwenda kununua maziwa ya Yasini kwa Zipora. Zipora na mumewe Masanja walikuwa wafugaji waliotoka kanda ya ziwa na ng'ombe wao. Walikaa kwanza Kilimarondo, huko Nachingwea, kisha wakahamia Matambarale. Wenyeji waliwanung'unikia pale ng'ombe walipokanyaga ufuta wa watu, lakini maziwa waliyanunua, maana manung'uniko hayanyweki.

Asubuhi ile ng'ombe mmoja alikuwa na shida. Tumbo lilikuwa limetimia, ndama hatoki. Masanja alikuwa amesimama zizini, simu sikioni, anampa daktari wa mifugo habari zote kwa sauti ambayo hata majirani wa ng'ambo walizisikia: lini alipandwa, uchungu ulianza saa ngapi, kinachotoka ni cha rangi gani, kinanukaje. Zipora akiwa pembeni alimsahihisha kila alipokosea. Samia alijifunika uso kwa kanga.

Zipora akamwona, akacheka. "Dada, unamwonea aibu ng'ombe?"

Samia alitaka kucheka pia, kinundu kikamshika. Akainama, akashikilia nguzo ya zizi. Zipora aliweka kibuyu cha maziwa chini, akamkalisha kwenye gogo.

"Wapi?"

"Kwenye kovu la uzazi. Kuna kinundu, huvimba kikanywea."

"Kila siku?"

Samia akatikisa kichwa.

"Ukiwa mwezini?"

Samia alitazama kulia na kushoto. Masanja alikuwa bado na simu yake. Akaitikia kwa kichwa, polepole.

"Daktari anajua?"

"Anajua kovu linauma."

"Na hilo la mwezi?"

"Hilo halisemwi."

Zipora hakuwa mtu wa kupamba maneno, na Kiswahili alikichukua kama mtu achukuavyo panga, kwa kazi. "Kwa hiyo ng'ombe wetu ana bahati kukuzidi wewe," alisema. "Yeye hana mdomo, lakini amepata wa kumsemea. Wewe unao, umeufunga kamba. Mimi nilipasuliwa Nachingwea tulipokaa Kilimarondo. Pale kuna daktari wa upasuaji, anasikiliza. Nenda leo au kesho, wakati kimevimba. Usiende kikiwa kimelala, hatakiona. Na ukifika, useme yote."

Samia akachukua maziwa, akaenda zake. Njiani alikuwa na hasira, na hakujua kama amemkasirikia Zipora au ng'ombe.

Jioni alimwambia Harithi kwamba anataka kwenda hospitali Nachingwea, kesho yake, na anataka ampeleke. Harithi alikubali bila maneno mengi. Alikuwa mtu wa haki hata akiwa na kinyongo, na hakutaka isemwe kwamba ameoa mke wa pili huku akimwacha wa kwanza na maradhi. Walimwacha Yasini kwa jirani, wakapanda gari la asubuhi. Njia nzima Samia alikuwa ameshika pindo la kanga, alimofunga zile shanga nyekundu. Alijiambia kwamba ulimi ukigoma, shanga zitasema.

Daktari aliyewapokea aliitwa Edwin, mtu wa Bukoba, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alikuwa hajakaa sana kusini. Alimpima Samia nyuma ya pazia, akakiona kinundu jinsi kilivyovimba na kubadilika rangi, akarudi mezani.

"Mama, hiki kilianza lini?"

"Mtoto alipoacha ziwa."

"Kinauma siku zote, au kina wakati wake?"

Lilikuwa swali lile lile la Amri. Samia aliuhisi ulimi umekuwa mzito kinywani. Harithi alikuwa ameketi kando yake, kofia mapajani. Basi Samia akafungua pindo la kanga, akatoa zile shanga, akaziweka mezani mbele ya daktari.

Harithi akainamisha kichwa. Kwa mtu aliyefundwa kama yeye, ilikuwa ni kama mkewe amejivua nguo sokoni.

Dokta Edwin aliziinua kwa kidole kimoja. "Hizi ni nini, mama? Hirizi?"

"Si hirizi."

"Basi nisaidie. Mimi mgeni hapa, sizielewi."

Samia alimtazama asiamini. Ameitoa siri kubwa kuliko zote alizonazo, na mwanamume aliyepelekewa hajui kuisoma. Aibu ameipata, msaada hakuupata.

Harithi ndiye aliyejibu, akitazama sakafu, kwa sauti yenye kinyongo cha miezi mingi. "Ni za siku zake, daktari. Zikitundikwa, mke yuko mwezini. Na zake hutundikwa nusu ya mwezi, na zaidi."

"Nusu ya mwezi?" Daktari akachukua kalamu. "Mama, unatokwa damu kiasi hicho? Basi tuanze na hilo kwanza. Hiki kinundu tutakiangalia baadaye."

Akaanza kuandika. Samia alimwona anavyoondoka polepole, anashika njia ya pembeni kama Amri, kama yule wa Ruangwa, kama mizizi ya chango. Safari hii haikuwa kwa sababu shanga zimenyamaza. Shanga zilikuwa zimesema uongo, na aliyezifundisha uongo ni yeye. Akinyamaza sasa, atarudi Matambarale na dawa ya maradhi asiyoumwa. Korosho zitauzwa, Mjomba Nurdini atakuja na shati lililopigwa pasi, na yeye atabaki na kinundu chake na heshima yake.

"Si kweli," alisema.

Wanaume wote wawili wakamtazama.

"Damu yangu ni ya siku chache kama ya wanawake wengine. Linalozidi ni kovu. Damu ikikaribia linavimba. Damu ikitoka linauma. Damu ikikatika, lenyewe linabaki linauma, hata kanga sitaki iniguse. Kila mwezi ni hivyo, haliruki. Nimefundwa kutundika shanga za damu na shanga za usafi. Za maumivu sikupewa. Nikaziacha nyekundu msumarini ili mume wangu asinisogelee." Kisha akamgeukia Harithi, jambo ambalo alidhani hataliweza. "Sikukuchoka, Baba Yasini. Nilikuwa naumwa, na sikuwa na rangi ya kukuambia."

Kofia ya Harithi ilikuwa imemdondoka chini na hakuiokota.

Dokta Edwin aliifuta karatasi aliyokuwa ameanza. "Mama, sasa ndipo umeniletea ugonjwa wako," alisema. "Mwanzo uliniletea wa mtu mwingine." Akawaeleza taratibu, bila kuwakimbiza. Mji wa mimba, alisema, una utando wa ndani ambao kila mwezi hujijenga na kubomoka, na kubomoka kwake ndiyo hedhi. Mama anapopasuliwa, mara chache sana chembe za utando ule hunasa kwenye kidonda, zikaota humo. Hutokea bila mtu kukosea. Kila mwezi ule wa ndani ukivimba na kutoa damu, na huu wa kwenye kovu hufanya vivyo hivyo, ila wenyewe hauna pa kutolea. Damu inafungwa ndani ya nyama, na ndiyo maana kinauma kwa kufuata mwezi.

Harithi akainua kichwa kwa mara ya kwanza. "Ni kama ufuta uliodondoka njiani," alisema. "Mvua ikinyesha shambani, na ule wa njiani unaota."

"Hivyo hivyo," daktari akasema. "Na vidonge vya usaha haviung'oi."

Samia alipelekwa kupigwa picha ya tumbo, na picha ikakubaliana na maneno yake. Dokta Edwin alisema dawa yake ni kukikata kinundu chote pamoja na nyama kidogo inayokizunguka, pasibaki mzizi, kisha kipelekwe maabara kuthibitishwa. Samia akauliza kama atazaa tena. Daktari akamwambia kwamba kwa jinsi alivyoona, mji wa mimba ni mzima. Samia akashusha pumzi, na machozi yaliyokataa kutoka mbele ya Harithi siku ile ya salfa yakatoka sasa, bila moshi wa kuyasingizia.

Siku ya upasuaji Harithi alikaa kwenye benchi la nje akizungusha kofia mikononi. Mambo mengi yalipita moyoni mwake, na lililomchoma zaidi ni kwamba yeye alimwona mkewe akiinama, akamwona akijikaza, na bado akatazama msumari badala ya kumtazama mtu. Aliposikia kwamba kimetolewa salama, alitoka uani akapiga simu.

"Mjomba, shikamoo. Ile safari ya Nanganga haipo." Akasikiliza. "Hapana, hatujaahirisha. Haipo. Mke wangu alikuwa mgonjwa, mimi nikadhani amenichoka." Akasikiliza tena, akatabasamu kidogo. "Nitakueleza, Mjomba. Si ya simu."

Majibu ya maabara yalipokuja yalithibitisha yaliyosemwa na daktari. Mwezi ukaingia, Samia akajilaza akisubiri moto wake wa kawaida. Haukuja. Tumbo lilimuuma kidogo, kama mwanamke yeyote, na kovu likakaa kimya. Mwezi wa pili hivyo hivyo. Nyekundu zikarudi kukaa siku zake za haki, na nyeupe zikawa mwenyeji tena.

Kuna jambo dogo watu wa nyumba ile hulisimulia wakicheka. Siku walipotoka hospitali, Harithi alipitia soko la Nachingwea, akanunua uzi wa shanga za kijani. Walipofika nyumbani akampa mkewe, macho pembeni.

"Za nini hizi?"

"Za kovu," Harithi alisema. "Likianza tena, uzitundike. Nitajua."

Samia alizigeuza mkononi, akamwonea huruma, na akampenda. "Baba Yasini, sizitundiki," alisema. "Likiuma nitakwambia."

Shanga zile akampelekea Zipora. Ng'ombe wao alikuwa amezaa salama asubuhi ile ya simu, na ndama wake, jike, akavishwa shingoni. Alikuwa akionekana anakatiza Matambarale na shanga za kijani kama bibi harusi, na safari moja aliingia nazo kwenye mihogo ya Harithi. Harithi alimtoa kwa mkono, wala hakwenda kushtaki.

Shule zilipofungwa, wakati wa kuwacheza mabinti, Bi Fatu alifika kwa Samia. Hakukaa. Alisimama mlangoni, ugoro shavuni, akitazama chini kama mtu aliyepoteza sindano.

"Habari zako nimezisikia," alisema. "Za Nachingwea. Kwamba ulitamka."

"Nilitamka, Somo."

Samia alingoja kukemewa. Bi Fatu akauhamishia ugoro shavu la pili, kisha akasema, "Mimi nilikufunda usijivue kwa kila mtu. Sikukumbuka kukuonyesha pa kujivulia. Nimekuja kuazima kovu lako."

Samia akajifunga kanga, akamfuata. Yanayosemwa ndani ya nyumba ya unyago si ya kusimuliwa kwa wasiohusika, na hapa hayatasimuliwa. Ila moja Bi Fatu mwenyewe aliruhusu litoke. Aliwaketisha mabinti, akawaonyesha nyekundu na nyeupe kama alivyoonyeshwa na waliomtangulia. Kisha akamwambia Samia asogee. Samia akasimama katikati yao, akaifungua kanga mwenyewe bila kuombwa mara mbili, akawaonyesha kovu jembamba la Yasini, na pembeni yake lile jipya, fupi, lililokauka vizuri.

"Mtazameni huyu," Bi Fatu akasema. "Kovu hili refu alilipata kwa kuzaa. Hili fupi lingekuwa limepona zamani, kama mimi nisingemfunga mdomo. Shanga ni za mume. Kwa tabibu, wanangu, pelekeni mdomo, kwa sababu mficha uchi hazai."